Fundo Alilolegeza Mbwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na wakwe wa kuwapikia, Chui aliishi kando ya ziwa pamoja na mtumishi wake, Mbwa.

Kila mwaka mvua za vuli zilipoanza, bata kutoka kaskazini walitua pale. Walikuwa wanakimbia baridi ya kwao. Walikula, wakapumzika, kisha wakaendelea na safari ya kusini.

Chui aliwavizia kwenye matete na kombeo lake. Vuuu, jiwe likaenda. Chubwi, bata akaanguka. Chui hakupenda kulowa, kwa hiyo aliyeogelea kumfuata ni Mbwa.

"Umemng'ata?" Chui aliuliza kila mara.

"Hapana, Bwana. Hata unyoya haukuchomoka."

Ilikuwa kweli. Mbwa alibeba bata kama mtu anavyobeba yai. Chui aliwataka hai, maana wakwe zake walikuwa wanakuja, na hao hawakula nyama iliyolala. Kila bata alitiwa tengani, kifuniko kikafungwa kwa kamba.

Siku moja jiwe lilimpata Mama Bata kichwani. Akazimia, akabebwa, akatiwa tengani. Alikuwa na mtoto mmoja, Kibata, mdogo kuliko wote kundini.

"Kesho asubuhi tunaondoka," kiongozi wa kundi alimwambia. "Hatuwezi kumngoja aliye tengani."

"Basi nitamtoa leo."

"Wewe? Uliyefika huku ukilia njia nzima?"

Kibata akaruka mbele ya matete. Vuuu, jiwe likapita mbali naye. Hata hivyo alijiachia, chubwi, akaelea miguu juu. Mbwa akaja, akamchukua.

"Wewe unapumua," Mbwa alisema kwa sauti ya puani, kwa kuwa kinywa kilikuwa kimejaa.

"Kidogo tu, mjomba."

"Na damu siioni."

"Nimeumia ndani. Mjomba, nikuulize: bwana wako anataka bata hai?"

"Hai, ndiyo, kwa ajili ya wageni wake."

"Mle tengani wenzangu wamejazana, hewa ni ndogo. Ukikaza kamba, wageni watakuta mizoga."

Mbwa aliogelea hadi ukingoni. "Bwana ataaibika," akasema mwishowe.

"Mimi nasema tu, mjomba. Wewe ndiye unayempenda."

Jua lilipofika utosini, Chui akalala. Mbwa alimtia Kibata tengani, akafunga kifuniko, akalegeza fundo, akatega sikio kusikia kama ndege wanapumua, kisha akaenda kuokota kuni.

Kibata akasukuma kwa kichwa. Kifuniko kikaanguka, pu.

"Mama, twende."

Puru, puru, puru. Tenga likabaki na manyoya matupu.

Mbwa aliporudi na kuni zake, alimkuta Chui amelishika tenga mkononi.

"Nani alifunga?"

"Mimi, Bwana."

"Kamba ilikatika?"

"Haikukatika. Niliilegeza, wasife kabla ya wageni kufika. Bata mdogo aliniambia."

"Bata alikuambia." Chui hakupandisha sauti. "Nenda ukawalete. Usipowapata, usirudi kwangu."

Mbwa akaweka kuni chini, akaingia majini.

Kundi lilikuwa limekwisha ruka. Kwa hofu ya kombeo halikungoja kesho. Kibata alitazama chini, akaona kichwa cha Mbwa katikati ya ziwa, kinawafuata. Akashuka karibu.

"Rudi, mjomba. Sisi hatutui tena hapa."

"Nimetumwa," Mbwa akajibu, akihema.

"Huyo aliyekutuma amerudi kulala. Nimemwona."

"Akiamka ataniulizia."

"Tafuta bwana mwingine. Mbona wako wengi?"

Mbwa alipiga maji kwa muda. Kisha akauliza, "Yule mama yako, hajambo?"

"Hajambo, mjomba. Geuka basi. Nakuomba."

Hakugeuka. Aliendelea kuogelea kuelekea kusini, na ziwa lile lilikuwa pana.

"Kibata," mama yake aliita kutoka mbele, "mbona unabaki nyuma?"

Kibata alizunguka juu ya kichwa cha Mbwa, akazunguka, mpaka hapakuwa tena na kitu cha kuzungukia. Ndipo akalifuata kundi.

Wanangu, ujanja wa Kibata ulimwokoa mama yake, lakini aliyeulipia si Chui aliyemwinda, ni Mbwa aliyemwamini.