Keki ya Mkaza Mwana

"Sukari iliyo motoni haingoji salamu." Mmenisikia nikimjibu hivyo shangazi yenu, na yeye hakununa, sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni. Chanzo chake ni hiki.

Hapa Korogwe aliolewa msichana akiitwa Mwanamkuu. Mama mkwe wake, Bi Siwatu, aliuambia mtaa mzima kwamba mkaza mwana huyo anajua kuchemsha maji tu, tena akisimamiwa. Mwanamkuu akasikia. Akaahidi kwamba Ijumaa wageni wa mama mkwe watakula keki ya chokoleti yenye karameli.

Keki yenyewe haikumsumbua. Aliioka kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, ikaumuka vizuri. Shida ilikuwa karameli. Sukari unaiyeyusha mpaka ipate rangi ya asali, ndipo unatia siagi na maziwa. Ukichelewa kidogo tu, umepika dawa ya minyoo.

Akabandika. Jirani akapiga hodi, akatoka kumpokea. Salamu zetu mnazijua: za watoto, za shamba, za mguu wa babu. Walipofika kwenye mbuzi, moshi ukatoka jikoni. Akamwaga, akabandika nyingine. Akaja wifi yake. Akamwaga tena.

Ikabaki sukari ya mara moja. Ilipoanza kugeuka rangi, akasikia, "Hodi humu." Bi Siwatu mwenyewe.

"Karibu mama, shikamoo," Mwanamkuu akaitikia kutoka jikoni. Hakuinuka.

"Shikamoo ya ukutani hiyo? Siku hizi naamkiwa na jiko?"

"Nisamehe mama. Nikija kukupokea, wageni wako watakula mkaa."

Bi Siwatu akaingia, maneno tele mdomoni. Akaona sufuria mbili nyeusi zimelowekwa. Akaona jasho la mtoto wa watu. Maneno akayameza.

"Maziwa anamimina nani?"

"Mimi, nikiota mkono wa tatu."

Akajifunga kanga kiunoni, akashika kikombe. "Haya, wakati ukifika niambie."

Hapo hapo wageni wakafika, wamewahi, mbele yao dada mkubwa wa Bi Siwatu, mtu wa kupokelewa mpaka njiani. "Hodi jamani. Nyumba hii haina watu?"

Mwanamkuu akamtazama mama mkwe wake. Bi Siwatu hata shingo hakugeuza.

"Kaeni hapo barazani, dada," akasema. "Sukari iliyo motoni haingoji salamu."