Nakala Aliyoila Fisi

Hapo kale, ile kale yenyewe, binadamu wakiwa bado wanapelekeana habari kwa kupuliza pembe, wanyama walikwisha kuwa na kompyuta na mtandao wao. Msiniulize umeme waliutoa wapi. Nilimuuliza aliyenisimulia, akaninyima chai.

Kwenye mtandao huo kila ujumbe ulikuwa na utaratibu wake. Kichwani: nani anatuma, nani anapelekewa, maneno mangapi yamo. Chini yake, ujumbe wenyewe. Na jibu lilianza kwa neno moja tu: Sawa, Hayupo, au Marufuku.

Aliyeandika programu ya kushughulikia ujumbe huo, ili wa mwambani na wa bondeni waelewane, alikuwa Bi Nguchiro, mama wa watoto sita, mwili mwembamba kama mwiko. Programu aliiita Tarishi.

Tarishi ilikuwa na sharti moja. Ujumbe ukishaandikwa, haubadiliki. Ukitaka neno jingine, Tarishi hukupa nakala mpya yenye neno hilo. Ule wa kwanza hubaki vilevile. Sharti hilo Bi Nguchiro alilibandika mlangoni kwa herufi kubwa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyelisoma.

Mwaka mmoja kiangazi kikauma. Visima vya mwambani vikakauka kau! Maji yakabaki kwenye bwawa la Mzee Mbogo peke yake. Bi Nguchiro akakaa, akamwandikia: "Tunaomba wadogo wa mwambani wanywe bwawani."

Kabla hajautuma, paa! Mlango ukapigwa teke. Fisi huyo.

"Wee Nguchiro! Unamwandikia nani?"

"Karibu, Mheshimiwa. Namwandikia Mzee Mbogo, habari ya maji."

"Nisomee."

Akamsomea. Fisi akajikuna mgongo kwenye mlango, papo hapo penye sharti.

"Toa hao wadogo. Weka Fisi."

"Na watoto wangu, Mheshimiwa?"

"Watalamba umande."

"Umande hakuna tangu mwezi uliopita."

"Basi watalamba midomo! Utabadili, ama nianze na hawa walio nyuma ya jiko?"

Nyuma ya jiko, watoto sita wakaacha kupumua. Bi Nguchiro akautazama mlango, penye lile sharti. Akamtazama Fisi, anayejikuna tu.

"Nimesikia, Mheshimiwa. Nabadili."

Akabonyeza. Printa ikalia krr-krr-krr, ikatoa ngozi kavu ya mbuzi, maana karatasi ilikuwa bado. Imeandikwa vizuri: "Tunaomba Fisi anywe bwawani."

"Huu hapa ujumbe wako, umebadilishwa kama ulivyoagiza. Shika mwenyewe. Ukitaka niutume huo, unirudishie."

Fisi akaishika ngozi. Akainusa. Akainusa tena.

"Mbuzi?"

"Mbuzi, Mheshimiwa."

Kwacha, kwacha, kwacha! Ngozi ikaenda.

"Chumvi haitoshi," akasema Fisi. "Haya, tuma."

"Nitume upi?"

"Swali gani hilo? Tuma uliopo!"

"Uliopo?"

"Uliopo! Una masikio ya mapambo wewe?"

"Ni wewe uliyesema, Mheshimiwa."

Chwii! Ujumbe ukaenda. Haukupita muda, jibu likarudi: Sawa.

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. Akaenda kuwakusanya wajomba, mashangazi na mashemeji, wakashuka bondeni kwa nyimbo. Walipofika wakakuta watoto sita wa Nguchiro wamo majini, chubwi, chubwi, na sungura, na pimbi, na kila mdogo wa mwambani. Mzee Mbogo amesimama ukingoni, na Bi Nguchiro kando yake.

"Shikamoo Mzee. Watoe hao, maji yangu wanayachafua."

"Marahaba. Yako tangu lini?" Mbogo akausoma ujumbe aliopokea. "Kichwani wameandika maneno sita. Tunaomba, wadogo, wa, mwambani, wanywe, bwawani. Sita. Fisi simwoni."

"Aliubadili! Nilimwona kwa macho yangu!"

"Nilimbadilishia kweli, Mzee," akasema Bi Nguchiro, akimkausha kitinda mimba wake masikio. "Nikampa nakala mkononi, nikamwambia anirudishie."

"Basi neno limekwisha," akasema Mbogo. "Fisi, lete hiyo nakala tuione."

Mashemeji wakamtazama. Tumbo la Fisi likajibu kwa niaba yake: guruguruu.

"Nimeila," akasema Fisi.

Mzee Mbogo akatafuna majani yake taratibu mpaka yakaisha. Kisha, kwa kuwa yeye ni mzee anayefuata utaratibu, akajibu kwa neno moja:

"Marufuku."

Ukoo mzima ukapanda mwamba kwa miguu, safari hii bila nyimbo.

Nami nawaachia hapo, ukingoni, na lenu ni hili: asiyesoma kilichoandikwa mlangoni, hukitafuna mwenyewe alichokuja kukitaka.