Vishimo Vitatu vya Kigoda

“Baragumu hupita, kigoda huacha alama.” Shangazi Zaituni alitupa maneno hayo tulipomjia mbio na habari ya ugomvi wa dukani, ugomvi ambao hata hatukuushuhudia. Tukamwuliza yametoka wapi. Akaendelea kuchambua choroko zake, na huku akichambua akatueleza chanzo chake.

Miaka ya nyuma, hapa hapa Singida, mwanamke aitwaye Salome Mkumbo alianzisha gazeti lake mwenyewe, akaliita Taratibu. Lingetoka mara moja tu kila miezi mitatu. Magazeti mengine yakishaandika na kuondoka, yeye ndipo alipokuwa akienda, akakaa na watu. Na alikuwa na desturi moja: habari haichapwi mpaka mwenye habari asomewe kwanza.

Gazeti lilihitaji nembo, ili hata asiyejua kusoma alitambue kwa mbali. Kazi akampa Ntandu, mchora mabango wa sokoni. Ntandu akachora baragumu la rangi ya dhahabu, likapendeza kweli. Salome akalibandika juu ya ukurasa wa kwanza, wakaenda pamoja kwa Mama Msengi kumsomea habari yake.

Mama huyu alikuwa amefiwa na mwanawe, Msengi, aliyeangukiwa na ukuta wa shule. Magazeti yalisema alikuwa mtoro, akikwea ukuta atoroke. Sivyo. Alirudi kumshika mkono mtoto wa darasa la kwanza aliyebaki nyuma, na mtoto yule akapona. Mama Msengi hakutaka kitu kingine duniani ila jina la mwanawe lisafishwe.

“Mimi nilikuwapo siku hiyo ya kusomewa,” alisema Shangazi. “Nilikwenda kuazima ungo.”

Salome akaketi kwenye kigoda, akasoma mpaka mwisho. Mama Msengi alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga. “Ndivyo ilivyokuwa,” akasema. Akanyoosha mkono apokee ukurasa. Alipoliona lile baragumu, akaurudisha mkono.

“Hapana, binti. Usichape.”

“Kuna mahali nimekosea, mama?”

“Maneno ni yangu. Hilo pembe silo. Waliomwita mtoro nao walipiga pembe. Msengi wangu hawezi kukaa chini yake tena.”

Ntandu akainamisha kichwa. Wiki tatu alikuwa amelihangaikia. Salome hakubishana, alisimama, akasogeza kigoda. Ndipo Ntandu alipoona kwenye sakafu ya udongo vishimo vitatu vya miguu ya kigoda. Sakafu nyingine yote ilikuwa imesiribwa vizuri, laini kama kiganja.

“Mama, mbona hapa hukusiriba?”

“Hapo alikaa huyu,” akasema, akimwonyesha Salome kwa kidevu. “Siku nne. Siku ya kwanza sikumjibu hata salamu. Akavuta ungo wangu, akachambua choroko. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ndipo nilipoweza kutamka jina la Msengi. Basi nikisiriba, hapo napaacha.”

Ntandu akaenda jikoni, akachovya kidole kwenye masizi ya chungu, akarudi. Akalibandua baragumu, na mahali pake akagonga kidole mara tatu.

“Wiki tatu zote hizo,” Shangazi akamtania, “unatuletea madoa matatu?”

“Haya sikuyachora mimi, dada,” akajibu. “Nimeyakuta.”

Mama Msengi akauchukua ukurasa, akautazama sana. “Hapa atakaa,” akasema.

Gazeti likatoka. Yale mengine wiki ile ile yalikuwa yamekwisha kufungiwa vitumbua. Hili watu walilikunja wakaliweka sandukuni, na wasiojua kusoma wakawa wanaliulizia sokoni: limekuja lile la kigoda?

Shangazi akatusogezea ungo.

“Haya. Huo ugomvi wa dukani, mlikaa na nani?”

Tukaketi, tukaanza kuchambua naye.

Baragumu hupita, kigoda huacha alama.