Kifaru Aliyesalimia Vyungu

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla sufuria hazijaja kujigamba jikoni, wanyama wote walipika kwa vyungu vya udongo. Na vyungu vyote vya bonde lile vilitoka kiwandani kwa Kifaru.

Msinikatize. Najua mtauliza, Kifaru anafinyangaje na ile miguu minene? Hafinyangi! Kiwanda aliachiwa na baba yake, na kazi yake yeye ilikuwa moja tu: kupiga kelele.

Asubuhi: "Haya, haya, haya! Upesi! Mikono hiyo imekufa ganzi?"

Mchana: "Nani anaimba? Nasema nani anaimba hapo?"

Jioni: "Mmefanya nini leo? Hamkufanya kitu!"

Msimcheke sana. Tangu utoto Kifaru alikuwa akiamshwa kwa kelele sikioni. Alidhani ndiyo lugha ya kazi, kama vile ng'ombe anavyodhani "mooo" ndiyo lugha ya dunia nzima.

Wafanyakazi wake walikuwa watatu. Ngedere alikanda udongo kwa miguu: pwata, pwata, pwata. Mama Kobe alifinyanga. Na Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, alileta kuni. Alipochoka kuleta kuni alileta maneno.

Mama Kobe hakuwa na haraka. Kila chungu alikisugua kwa kokoto mpaka king'ae kama kokwa ya ukwaju, kisha akakibeba kivulini.

"Sasa kilale hapa," alisema. "Kikauke chenyewe, ndipo kiende motoni."

"Kilale?" Kifaru alinguruma. "Hapa halali mtu, sembuse chungu! Kitie motoni!"

Vikatiwa motoni vingali vibichi ndani. Mnajua maji yaliyofungiwa kwenye udongo yakipata moto hufanya nini?

Paa! Paa! Pwaa!

"Nani amevunja?" Kifaru aliuliza.

"Moto, Bwana Mkubwa," alijibu Ngedere.

"Moto haujaajiriwa hapa! Nani amevunja?"

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Vikifinyangwa kumi, vinapona viwili. Na vigae vikarundikana nyuma ya kiwanda mpaka vikawa kilima.

Siku moja akaja Bibi Tembo, amejifunga kanga mbili zilizoungwa pamoja, maana moja haikutosha.

"Kifaru, mwanangu anaolewa. Nataka vyungu vya karamu, vikubwa, vizima. Ukiniletea vigae nitakwenda kwa Nyati ng'ambo ya mto, na sitarudi hapa hata kuomba maji ya kunywa."

Kifaru akapiga kelele maradufu. Vyungu vikafinyangwa mbiombio, vikatiwa motoni mbiombio, vikapasuka mbiombio. Hakikupona hata kimoja.

Kifaru akageuka, macho mekundu.

"Mama Kobe! Mwendo wako huo ndio unaonitia hasara. Unafanya kazi kama unaota. Mwezi mpya ukiandama, nisikuone hapa. Nitatafuta mwenye mikono ya haraka!"

Mama Kobe alitazama mchanga ulio kando ya tanuri, akatazama tena chini.

Pimbi akamfuata mtoni. "Mama, mbona umenyamaza? Kazi zipo kwingine."

"Kazi zipo, mwanangu. Lakini mayai yangu yako pale mchangani. Niliyafukia kwa ajili ya lile joto la tanuri. Yai la kobe likishageuzwa, hufa. Siwezi kuyahamisha. Nikifukuzwa kabla hayajaanguliwa, nayaacha."

"Yamebakiza muda gani?"

"Yataanguliwa baada ya mwezi kuandama. Sidhani yatawahi kabla."

Pimbi akajikuna pale ambapo mkia ungekuwapo. Alikuwa na tabia hiyo akiwaza. Akajikuna, akajikuna, halafu akacheka peke yake: "Kwi, kwi, kwi!"

Mchana ule Kifaru alikuwa amelala. Naam, yeye alikuwa analala. Pimbi akachukua vyungu viwili vidogo. Kimoja kilikuwa kimesahauliwa kivulini siku nyingi, kikavu kama mfupa. Cha pili kilitoka mikononi mwa Mama Kobe asubuhi ile, kibichi. Akakipaka vumbi la udongo mkavu, fu, fu, fu, mpaka vikafanana kama mapacha.

Kifaru alipoamka, alimkuta Pimbi amekaa mbele yake, uso umemshuka kama wa mfiwa.

"Mjomba, nimegundua jambo baya."

"Kuni zimekwisha?"

"Baya kuliko hilo. Vyungu vyako vinapasuka kwa hofu."

"Hofu ya nini?"

"Yako wewe. Vinakusikia, Mjomba. Chungu kichanga ni kama mtoto mchanga. Kikikemewa kinashtuka, na ule mshtuko unabaki ndani. Kikifika motoni, unatoka. Paa!"

"Upuuzi! Udongo una masikio?"

"Na mimi nilisema hivyohivyo! Nikasema, Mjomba wangu ni mtu wa kupima mambo, hatakubali bila kuona. Basi hivi hapa viwili. Hiki kikemee. Hiki kisemeze vizuri. Tuvichome pamoja, moto mmoja."

Kifaru akakitazama kile chenye vumbi. Kukemea kulikuwa rahisi.

"We chungu! Mvivu mkubwa! Tumbo limekutoka kama fisi wa harusini! Umefanya nini tangu asubuhi?"

"Vizuri sana," alisema Pimbi. "Sasa hiki."

Kifaru akakigeukia cha pili. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Nikiambie nini?"

"Kwani wewe hujawahi kusalimia mtu, Mjomba?"

Kifaru akafikiri, na kusema kweli hakukumbuka. Akatazama kushoto na kulia asije akaonekana, akainama.

"E... chungu. Umeamkaje? Umelala salama?"

"Kiambie 'mzuri wangu'."

"Pimbi!"

"Basi, acha kipasuke."

"...Mzuri wangu," alisema Kifaru, na pembe yake ikaona haya.

Vikatiwa motoni. Haukupita muda, paa! Kile kilichokemewa kikawa vigae. Kile kilichosalimiwa kikatoka kizima, chekundu. Kifaru akakigonga kwa ukucha: ngiii! Kikalia kama kengele.

Kifaru akakaa chini, puu! "Mama yangu wee! Kumbe miaka yote hii ni mimi!"

Ngedere alikuwa amejificha nyuma ya kilima cha vigae, akiuma mkia wake asicheke.

"Sasa nifanyeje, Pimbi? Harusi ya kwa Bibi Tembo imekaribia!"

Pimbi akaanza kuhesabu kwenye vidole. "Kelele, marufuku. Asubuhi unavisalimia vyungu. Vilale kivulini mpaka hofu ivitoke, vyote, hata kama ni siku nyingi. Tena, Mjomba, chungu kinamsikia hata mfinyanzi kupitia mikono yake. Mfinyanzi akitukanwa, mikono inatetemeka, na chungu kinajua. Kwa hiyo na sisi utusalimie."

"Na nyinyi!"

"Si kwa ajili yetu. Kwa ajili ya vyungu."

"Kwa ajili ya vyungu," Kifaru alikubali.

"Na Mama Kobe asiende popote. Ule mwendo wake ndio unaovibembeleza."

"Asiende! Nani alisema aende?"

Basi kiwanda kikabadilika. Asubuhi Kifaru alipita kwa vidole vya miguu, nyata, nyata. "Mmeamkaje, wazuri wangu? Ngedere, umeamkaje? Mama Kobe, miguu haiumi?" Mwanzoni maneno yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku zilivyokwenda yakawa yanateleza.

Ngedere akarudia kuimba, na miguu yake ikakanda kwa kufuata wimbo, udongo ukatoka laini kama unga. Mchana waliketi kivulini pamoja. Mama Kobe akamwonyesha Ngedere jinsi ya kusaga vile vigae vya zamani na kuvichanganya kwenye udongo mpya ili uwe na nguvu, jambo ambalo siku zote alilijua, ila hakuna aliyemwacha aseme. Kilima cha vigae kikaanza kupungua.

Mwezi mpya ukaandama, ukakuta Mama Kobe yuko pale pale.

Pimbi angeishia hapo, angekuwa mwenye busara. Lakini lini mlimwona Pimbi akiishia mahali?

"Mjomba, vyungu vinapenda harufu ya uji."

Kifaru akapika uji, akawagawia wote.

"Mjomba, vyungu vinapenda uji wenye asali."

Kifaru akaenda kutafuta asali, akarudi amevimba pua.

"Mjomba, vyungu vinapenda kumwona mleta kuni amejilaza juu ya jiwe, anapepewa."

"Una hakika na hilo?"

"Viangalie vilivyotulia!"

Na Kifaru, na ukubwa wake wote, akasimama na jani la mgomba akimpepea Pimbi: pepe, pepe, pepe.

"Utatuponza," Ngedere alimnong'oneza Pimbi.

"Pepea kushoto kidogo, Mjomba," alisema Pimbi.

Siku ya kuchoma vyungu vya harusi ikafika. Vimekauka vizuri, vimepangwa, vimefunikwa kwa kuni na nyasi. Bibi Tembo mwenyewe alikuja kushuhudia. Moto ukashika, vuu! Kifaru akatembea kandokando akinong'ona, "Msiogope, wazuri wangu, ni joto tu."

Wakati huo Ngedere alikuwa amebeba gogo. Akateleza. Gogo likatoka mikononi, likaangukia, kwa bahati mbaya kuliko zote za bonde lile, kidole kidogo cha mguu wa Kifaru.

"UUUWIII! NGEDERE! MPUMBAVU WEWE! HUNA MACHO! MIKONO IMEKUFA GANZI?"

Ndege wakaruka mitini. Kelele ile ilikuwa imewekwa akiba tangu mwezi uliopita, ikatoka yote.

Ngedere akaziba masikio. Kifaru akaziba kinywa, amechelewa. Wote wakautazama moto, wakingoja paa.

Moto ukalia chwa, chwa. Wakangoja. Hakuna paa.

Moto ukazimika, majivu yakapoa, wakaondoa vyungu. Ngiii. Ngiii. Ngiii. Vyote vizima! Bibi Tembo akapiga kigelegele, akaviegemeza ubavuni mwake kimoja kimoja kwa furaha.

Lakini Kifaru hakufurahi. Alikuwa anafikiri, na hilo lilionekana usoni.

"Pimbi," aliita taratibu.

Pimbi alishakuwa juu ya jiwe, pale juu kabisa. "Labee, Mjomba."

"Vyungu havisikii."

"Labda leo vilikuwa vimesinzia."

"Pimbi."

"Basi. Havisikii."

"Na kile kilichopasuka siku ile?"

"Kilikuwa kibichi. Nilikipaka vumbi. Vyote vilikuwa vinapasuka kwa ubichi, Mjomba, kama Mama Kobe alivyokuwa akisema."

"Na uji?"

"Uji ulikuwa mtamu."

Ngedere alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mwezi mzima!" alisema Kifaru. "Mwezi mzima nauamkia udongo! Nampepea pimbi!" Akaanza kuvuta pumzi. Kifua kikajaa kama mvukuto wa mhunzi, kikajaa, kikajaa. Kila mmoja alijua kinachofuata. Siku za zamani zinarudi. Mama Kobe akasogea mpaka kwenye mchanga wake, akasimama juu yake.

Hapo mchanga ukachezacheza. Kwaru, kwaru, kwaru.

Kikatoka kichwa kidogo kama kidole. Mtoto wa kobe! Akatambaa, akafika mbele ya mguu wa Kifaru, akainua macho. Akaona lile domo lililo wazi. Fyu! Kichwa kikaingia ndani ya gamba. Akaja wa pili, fyu! Akaja wa tatu, fyu! Mbele ya Kifaru wakabaki wamejipanga, viduara vidogo vya kahawia, vimejifunga, kama vyungu vinavyongoja moto.

Kifaru akawatazama. Ile pumzi aliyokuwa amejaza haikujua pa kwenda. Ikatoka polepole puani, fuuuu.

Akapiga magoti, magoti yakalia kakaka. Akainama mpaka pembe ikagusa vumbi. Akasema maneno pekee aliyojua kuviambia vitu vidogo vya mviringo:

"Umeamkaje, mzuri wangu? Umelala salama?"

Kichwa kimoja kikachungulia. Halafu cha pili.

"Hao wanasikia, Mjomba," alisema Pimbi kutoka juu ya jiwe. Safari hii hakucheka. "Na sisi pia."

Kifaru akakaa hapo muda mrefu, mtoto mmoja wa kobe akimpanda kidole kile kilichoumia. Hakumsogeza.

"Mama Kobe," alisema mwishowe, "vyungu viendelee kulala."

"Vitalala, Bwana Mkubwa."

"Na uji..." Akamtazama Ngedere. "Uji uendelee. Nimeuzoea. Na wewe Pimbi!"

Pimbi akajiandaa kukimbia.

"Shuka, mwanangu. Kalete kuni. Tafadhali."

Wanangu, mngemwona Pimbi! Alijikuna, akajikuna, hakupata ujanja. Miaka yote, akiitwa kwa ukali, alijua mashimo yote ya kujificha. Lakini "tafadhali" haina shimo. Akashuka kwenye jiwe akinung'unika, akaenda kuleta kuni, na siku ile, kwa mara ya kwanza, akaleta za kutosha.

Hadithi nimeiweka chini, aliye na chungu akaipike, na funzo lake ni hili: kelele hupata mikono ya mtu, lakini heshima ndiyo hupata moyo wake.