Hodi ya Kasuku

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa bado wanajenga nyumba, wanapika wali na kuanika nguo kama sisi, palikuwa na kijiji kando ya msitu mkubwa, na jumbe wa kijiji hicho alikuwa Mbogo. Nyinyi mnaosukumana huko nyuma, kaeni vizuri. Hadithi hii inataka utulivu, na mtaona kwa nini.

Mbogo hakuwa mtu mbaya, nawaambia mapema msije mkamchukia. Shida yake ilikuwa sauti. Akiomba chumvi, masufuria yanatikisika. Akimbembeleza mtoto alale, watoto wa jirani wanaamka. Mkewe, Bi Mbogo, alizoea kujiziba masikio kwa ncha ya kanga kila mumewe alipofungua kinywa.

Lakini kwa ukarimu hakuna aliyemfikia. Mtu akipiga hodi kwake, Mbogo aliitikia karibu hata kabla ya kujua ni nani, kisha akainuka mwenyewe kufungua. Siku moja ya mvua aliyepiga hodi alikuwa Fisi, ambaye juzi yake tu alikuwa ameiba chungu kizima cha maharage jikoni humohumo. Karibu ilikuwa imeshatoka. Basi Fisi akafunguliwa, akapewa mkeka, akala akashiba. Mbogo alipenda kutamba kwa habari hiyo. Alisema kwamba kinywa chake kikishatamka karibu, mkono wake hauna ruhusa ya kukataa.

Mwaka huo Mbogo alijenga nyumba mpya, akapanga karamu ya kuhamia mwezi ukiandama. Alitaka wageni waone kitu ambacho hawatakisahau. Akapaka ulimbo kwenye tawi la mchikichi, akamnasa Kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, akamtia katika tundu la fito na kulifunga kwa komeo la mvule, zito, ambalo hakuna aliyeweza kuliinua ila yeye. Siku ya karamu, alisema, Kasuku atatangaza mbele ya watu wote kwamba Jumbe Mbogo hana mfano.

Kila asubuhi alikwenda kumfundisha. Alisimama pua ikigusa fito, akavuta pumzi, akanguruma:

"SEMA! JUMBE MBOGO HANA MFANO!"

Vumbi lilianguka kutoka darini. Kasuku alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukakwama, akakaa kimya.

Sasa, Bi Kindi. Huyu alikuwa mjane, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, aliyekaanga karanga na kuzipitisha nyumba kwa nyumba kwenye ungo. Kutulia hakukujua. Hata ukimsalimu, aliitikia akiwa ameshakupita. Asubuhi moja alipoingia kwa Mbogo aliona manyoya ya kijivu yamejaa chini ya tundu, utadhani mtu amepasua mto. Akainua macho. Kifua cha Kasuku kilikuwa kitupu, ngozi nje, naye alikuwa anajing'oa nyoya jingine kwa mdomo wake mwenyewe.

Bi Kindi alimwonea huruma mpaka akautua ungo chini, na Bi Kindi kuutua ungo si jambo la kila siku.

"Shikamoo, Jumbe," akamwambia Mbogo, aliyesimama kando ya tundu. "Huyu ndege anaumwa?"

"MARAHABA. HAUMWI, NI MKAIDI TU. ASIPOSEMA NENO MPAKA SIKU YA KARAMU, MKIA WAKE NAUSHONEA KWENYE KOFIA YANGU, NA YEYE ANAINGIA CHUNGUNI."

Bi Kindi mwenyewe hakujua ilivyotokea. Alijisikia tu akisema kwamba yeye anaweza kumfanya aseme. Mbogo akamtazama kuanzia masikio hadi kwenye ungo, akacheka, madirisha ya nyumba mpya yakagongana, pa-pa-pa. Akamwambia haya, ajaribu. Ila Kasuku asiposema, ule mkia wa Bi Kindi wenye manyoya mengi utakuwa ufagio wa baraza. Bi Kindi akaugeukia mkia wake. Alikuwa anaupenda sana. Akakubali hivyohivyo.

Aliweka masharti mawili. Chumba cha tundu kifungwe mlango na madirisha, na ndani yake mtu asipaze sauti. Mbogo aliyakubali yote mawili kwa kelele.

Siku ya kwanza Bi Kindi hakufundisha kitu. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, mbali na tundu, akampa Kasuku mgongo, akaanza kumenya karanga. Kacha. Kacha. Akala zake, akaweka moja kwenye ukingo wa tundu, akaenda zake. Siku ya pili alifanya vilevile. Siku ya tatu alikuta ile karanga ya jana haipo, akajizuia asiruke kwa furaha.

Kwa mtu asiyejua kutulia, kukaa hivyo ni kama kufungwa kamba. Miguu ilimwasha, mkia ukamwasha, na mwezi nao ulikuwa haumngoji. Siku ya tano uvumilivu ukamwishia. Akasogeza kigoda mpaka karibu kabisa, akapenyeza karanga kwa mkono. Pu-pu-pu, Kasuku akapiga mabawa, akajigonga huku na huku, manyoya mengine matatu yakaanguka. Bi Kindi akarudi nyuma na kigoda chake, akalia kidogo, maana kosa lilikuwa lake na alilijua. Ikabidi aanze upya, kulekule mlangoni.

Alipothubutu tena kumpa kwa mkono zilikuwa zimepita siku tisa. Kasuku akaiacha karanga, akauma kidole. Damu ikatoka. Bi Kindi hakuvuta mkono, wala hakumkaripia.

"Najua, mwanangu," alisema polepole. "Najua."

Akabaki hivyo, kidole kikimuuma, mpaka Kasuku akalegeza mdomo mwenyewe na kuichukua karanga.

Kesho yake ndipo Kasuku alipofungua kinywa. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kukaa muda mrefu bila kusema.

"Umetumwa unifundishe kumsifu?"

"Nimetumwa. Wewe unataka kusema nini?"

"Nataka kwenda kwetu. Mume wangu yuko kule kwenye mchikichi, ananingoja. Sisi kasuku tukioana tumeoana."

Bi Kindi alilitazama lile komeo la mvule. Hata angekuja na ukoo wake wote wasingelisogeza. Mwenye kuliinua alikuwa mmoja tu, na huyo walimsikia wakati huohuo nyuma ya ukuta akiomba maji ya kunywa, kijiji kizima kikijua kwamba ana kiu.

"Basi nitakufundisha neno moja tu," Bi Kindi akasema. "Baada ya hapo, mimi na wewe tuna mwanafunzi wa kumfundisha."

Akaenda kwa Mbogo, akamweleza kwamba koo la Kasuku limefunguka, lakini ndege wa namna ile hujifunza vizuri kwa mwenye nyumba. Jumbe mwenyewe ndiye aje na karanga. Kasuku akisema, aitikie, ainue komeo, ampe karanga, kisha afunge. Chumba kimefungwa, hapana hofu ya ndege kutoroka. Mbogo akauliza kama ataanza na zile sifa.

"Aanze na neno la adabu, Jumbe," Bi Kindi akajibu. "Ndege asiye na adabu akikusifu, wageni watamwamini?"

Mbogo akaona hilo lina maana.

Asubuhi ya kwanza aliingia kwa kishindo na kutangaza kwamba amefika. Kasuku akamgeuzia mgongo, akamwonyesha mkia mwekundu, basi. Bi Kindi akasema watajaribu kesho. Asubuhi ya pili Mbogo alitumia nusu ya sauti yake, na Kasuku akageuka nusu. Ya tatu akaja akinyata, tumbo limevutwa ndani, karanga moja katikati ya kiganja kikubwa, akanong'ona, "Habari za asubuhi?"

Fwiii. Kasuku akampigia mluzi, mmoja tu, mtamu.

Mbogo akaganda. Maishani mwake watu walikuwa wamemkimbia, wamemtii na kujiziba masikio, lakini hakuna aliyewahi kumpigia mluzi. Akatoka nje akamsimulia mkewe kwa sauti ya chini. Bi Mbogo, ambaye hakuwahi kumsikia mumewe akinong'ona tangu waoane, akamgusa paji la uso aone kama ana homa.

Mnaona mambo yalivyo? Kasuku alikuwa anapewa karanga, na Mbogo alikuwa anapewa mluzi. Akinyamaza anapewa, akinguruma anaonyeshwa mkia. Siku zikaenda, Kasuku akaanza kulisema lile neno la adabu, na kila siku asubuhi na jioni ikawa ni ileile. Hodi. Karibu. Komeo likainuliwa, karanga ikatolewa, mluzi ukalia. Ikafika mahali Mbogo yuko mezani anakula ugali, akisikia hodi kutoka chumbani anaitikia na kuinuka na tonge mkononi.

Kifuani mwa Kasuku vikaanza kuota vinyoya vipya, laini. Bi Kindi alivifurahia, lakini hakuwa na raha. Mbogo alikuwa akimuuliza kila baada ya siku mbili tatu, kwa ile sauti yake mpya, sifa zake zitaanza lini, naye alimjibu zinakuja, Jumbe, zinakuja. Yule Mbogo wa kelele, Bi Kindi angemdanganya bila kujali. Huyu wa sasa, anayechagua karanga moja moja na kupuliza maganda kabla ya kumpa ndege, alimtia aibu. Hata hivyo hakubadili nia. Kila siku alimsikia yule mume wa Kasuku akiita kutoka msituni, na Kasuku akiacha kula ili asikilize.

Mwezi ukaandama. Uani kukatandikwa majamvi, wakaja Tembo na jamaa zake, akaja Fisi ambaye hakualikwa, wakaja wote. Tundu likatolewa nje, likatundikwa barazani, mahali ambapo kila mtu ataona. Bi Kindi alijificha nyuma ya mtungi wa maji, ameushika mkia wake kwa mikono miwili.

Mbogo akasimama katika kanzu mpya, akawakaribisha wageni kwa upole mpaka waliokaa nyuma wakalalamika kwamba hawasikii. Akawaambia kwamba kasuku wake ana neno. Watu wakanyoosha shingo.

Kasuku akajikung'uta, akamtazama Jumbe.

"Hodi," akasema.

"Karibu," Mbogo akaitikia, na ua mzima, kwa mazoea, ukaitikia naye. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Krrr, likainuka.

Hapo upepo ukapita. Mbogo akausikia puani, ukinuka majani ya msituni, akakumbuka kwamba hapa hapana dari wala dirisha la kufunga. Mkono ukasimama. Akatazama juu. Akamtazama Kasuku, ambaye hakusogea. Akautazama mtungi, na ncha ya mkia iliyochomoza nyuma yake. Polepole yote yakamwingia.

"Jumbe," Fisi akasema kutoka nyuma, "umeshasema karibu."

Mbogo akavuta pumzi, kifua kikajaa. Tembo akakunja masikio. Bi Mbogo akashika ncha ya kanga. Bi Kindi akafumba macho, akauaga mkia wake.

Pumzi ikatoka yenyewe, bila kelele.

"Nimesema," Mbogo akajibu kwa sauti ya chini.

Akafungua mlango wa tundu mpaka mwisho, akaweka karanga kizingitini kama kila siku. Kasuku akatoka, akaichukua kwa adabu. Kisha chwaa, mkia mwekundu ukapita juu ya vichwa vya watu, juu ya mapaa, ukazama msituni. Mluzi ukalia kule. Mluzi mwingine ukaujibu, nao ukaendelea kuujibu kwa muda mrefu.

"Bi Kindi," Mbogo akasema. "Toka hapo nyuma ya mtungi."

Bi Kindi akatoka, mkia bado mikononi.

"Siku zote hizi ulikuwa unamfundisha nani?"

"Aliyekuwa anapiga kelele, Jumbe."

Wageni hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka. Bi Mbogo ndiye aliyeanza, akacheka mpaka kanga ikamdondoka, na hakuiokota, maana hakuwa na kazi nayo tena. Bi Kindi akauliza, kwa woga, habari za ufagio. Mbogo akafikiri, akasema kwamba alitaka ndege aseme, na ndege amesema, watu wote ni mashahidi. Akamwachia mkia wake.

Lakini usiku huo hakula vizuri, na asubuhi alikaa peke yake karibu na tundu tupu, karanga moja kiganjani, hana wa kumpa. Nyumba mpya ilikuwa kimya. Na kimya hicho, ambacho Bi Mbogo alikitamani miaka yote, kilimwumiza Mbogo moyo.

Ngo, ngo, ngo, kitu kikagonga dirishani.

"Hodi."

Mbogo akainuka kwa haraka, akajikwaa kwenye kile kigoda, akajizuia asipige ukelele. Akafungua dirisha taratibu. Walikuwa wawili, wamekaa bega kwa bega kwenye ukingo, na mmoja wao alikuwa na vinyoya vipya kifuani.

"Karibuni," Mbogo akanong'ona, kisha akageuka kumwomba mkewe aazime karanga kwa Bi Kindi, maana aliyonayo haiwatoshi wageni.

Hadithi yangu nimeifikisha dirishani hapo, na neno langu kwenu ni hili, watoto: ukitaka mwenzako akuitikie, shusha sauti, umngoje, na umwachie mlango wazi.