Dume wa Ng'ambo ya Kijito

Asubuhi hiyo msimu wa kuwinda ulikuwa umefunguliwa, na ukungu ulikuwa bado umeukumbatia msitu. Fundi cherehani alikuwa amejibanza nyuma ya gogo, bunduki mapajani. Msitu ule waliachiwa na marehemu baba yao, yeye na mdogo wake mwenye bucha, mtu ambaye hata ugonjwa hakuusubiri umpate, alianza dawa mapema. Ndiyo maana watu walimbandika jina la Chapuchapu. Kijito kiliugawa msitu: huku kwake yeye dada, ng'ambo kwa mdogo wake.

Punde akatokea swala dume. Alikuwa mchanga, pembe zake fupi kama vidole vya mtoto. Fundi akamlenga, kisha akaishusha bunduki. Madume wa msitu ule waliuawa kabla ya kukomaa, na kundi lilikuwa likiyeyuka kama sabuni majini.

"Nenda ukakue," alinong'ona.

Yule swala akaruka kijito. Mara mlio wa bunduki ukaupasua ukungu.

Fundi alipovuka, alimkuta mdogo wake kasimama kando ya mzoga, meno yote nje.

"Chapuchapu, huyo nilimwacha makusudi!"

"Dada, ukimwacha wewe, atamla mwingine. Si bora nimle mimi ndugu yako?"

"Nyama yenyewe iko wapi? Mifupa mitupu!"

"Kidogo si haba," akajibu huku akicheka.

Fundi akayameza maneno yake. Alijua hasira ni hasara. Alijua pia kwamba subira ya mmoja katika msitu wa wawili ni kuteka maji kwa pakacha. Siku ile alishona hadi jioni bila kuimba.

Kesho yake akamfuata mdogo wake buchani. "Njoo tukakae wote msituni. Bunduki uache."

"Tukawinde kwa macho?"

"Kwa macho."

Chapuchapu aliguna, lakini akaenda. Dada huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na neno lake hakuzoea kulikataa. Wakakaa kimya hadi kundi lilipokuja kunywa maji: majike, watoto, na madume wawili wenye pembe changa. Chapuchapu alitazama, akatazama tena.

"Dada, wale wakubwa wako wapi?"

"Waulize wateja wako."

Alitaka kucheka, kicheko kikagoma. "Utotoni nilikuwa nawaogopa madume wa hapa," akasema taratibu. "Kumbe nimewamaliza."

"Tumewamaliza. Ulipoleta nyama, mimi sikula?"

Wakapeana mikono: mwenye pembe fupi apite salama, huku na ng'ambo.

Kusubiri hakukuwa lelemama. Wateja walimtania Chapuchapu kwamba siku hizi anawinda nzi wa buchani. Jioni moja dume mchanga alisimama karibu naye mno, hata akaziona kope zake. Akamlenga. Akatoa risasi, akaitia mfukoni, akaenda moja kwa moja kwa dada yake, amenuna kama aliyeibiwa.

"Leo nimemwacha mmoja. Usiniulize zaidi."

Fundi alimpakulia chakula, akamwongeza kipande kinono.

Misimu ikapita. Asubuhi moja wakiwa pamoja mafichoni, vichaka vikatikisika, akatoka dume mwenye shingo nene, pembe ndefu zimejipinda, anatembea kama mwenye mji. Nyuma yake walifuata madume wengine, wakubwa kwa wadogo.

"Wako huyo, dada," Chapuchapu akanong'ona.

"Piga wewe. Wewe ndiye uliyeumia zaidi."

Alipiga mara moja tu. Walimbeba kwa kupokezana na majirani, na nyama ikatosha nyumba zote mbili na za waliobeba. Kule kijitoni, kundi likarudi kunywa maji, madume wadogo wakisukumana vichwa.

Chapuchapu akajifuta jasho. "Dada, miaka yote ile nilikuwa nakula nini?"

"Mbichi, mdogo wangu," akajibu fundi, na wote wakacheka.

Hakika, mvumilivu hula mbivu.