Mtoto wa Pimbi na Saruji ya Kifaru

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu wajukuu zangu, wanyama walijenga mji. Mwenyekiti wake alikuwa Kifaru, bwana mmoja aliyechukia majani makavu kuliko kupe. Basi akakata miti yote, akamwaga saruji kila mahali, akaezeka mabati. Ukabaki mkwaju mmoja tu, nyuma ya nyumba ya Bi Pimbi, na Tembo aliagizwa aje kuukata jioni ile.

Bi Pimbi alikuwa na kichanga cha siku tisa. Maskini, harara ilimjaa mwili mzima! Chini ya mkwaju ndipo tu alipopata usingizi. Mama wa watu alilia weee, kisha akafuta machozi, akambeba mwanawe hadi kwa mwenyekiti.

"Hodi!"

"Karibu. Kama ni habari ya mkwaju, rudi nyumbani."

"Mkwaju gani, mzee wangu? Nimekuletea mjukuu umpakate. Si unajua mila? Mkubwa wa mji humpakata mtoto mpya, wala hamweki chini mpaka alale. Akimweka chini angali macho, ni aibu ya ukoo mzima."

Kifaru hakuijua mila hiyo, lakini mkubwa gani hukubali kwamba kuna asilolijua? Akakohoa. "Naijua sana! Mlete."

Jua lilikuwa limeshazama. Kifaru akaketi barazani. Lo, saruji ilikuwa ya moto kama kikaango! Akaegemea ukuta. "Uwii!" Akasimama chini ya mabati, joto likamshukia kichwani. Na mtoto, ngaa! ngaa!

"Jua limezama, moto huu unatoka wapi?"

"Mimi nimezaliwa majabalini, mzee. Mawe hunywa jua kutwa, jioni hulitoa polepole. Nawe umetujengea mji mzima wa mawe."

"Mbona mashambani kuna baridi?"

"Kule kuna udongo wenye maji na majani yanayotoa jasho. Hapa anayetoa jasho ni wewe tu."

Kifaru akazunguka na mtoto mji mzima, jasho tiriri, mpaka akafika chini ya mkwaju. Upepo ukampuliza. Mtoto akapiga chafya, "Chya!", akaishika pembe ya Kifaru, akalala. Moyo wa yule bwana ukalainika kabisa.

Tembo akaja na shoka, du! du! "Mwenyekiti, nianze?"

"Sss! Uguse mti huu uone! Mtoto amelala."

"Kwani umempakata wewe?"

"Ndiyo mila."

"Mila ipi? Mimi nina watoto saba, sijaisikia."

Kifaru akamgeukia Bi Pimbi. Alitaka kunguruma, lakini angemwamsha mtoto. Akanong'ona, "Umenichezea."

"Nisamehe, mzee wangu. Niliogopa mwanangu atakufa."

Kifaru akamsogeza mtoto kifuani, akamgeukia Tembo.

"Tembo, weka shoka chini. Kesho njoo na sururu, tuvunje saruji tupande miti. Sasa nendeni, niacheni naye kidogo."

Basi wajukuu zangu, mkijenga mji uachieni mti nafasi yake, maana mji usio na mti huwapika wenyewe.